Hesabu atasoma lini?

Nikiwa likizoni Mombasa, kila nikiketi barazani swali ni lile lile: "Huyo mwanao huko Ujerumani hufuma na kuchora tu. Hesabu atasoma lini?" Nalijibu hapa, kwa ndugu na jamaa wote.

Binti yangu yuko darasa la 4 katika shule ya Waldorf, Stuttgart. Shule hizi zilianzia mji huo huo mwaka 1919, mwanafalsafa Rudolf Steiner akiiongoza ya kwanza, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria. Kila asubuhi kuna somo kuu la karibu saa mbili, na somo moja hushikiliwa wiki 3 au 4 kabla ya kuhamia jingine. Vitabu vya kiada havitumiki sana. Mtoto hujiandikia na kujichorea chake.

Dada yangu, mwalimu wa msingi hapa Mombasa, alilifungua daftari la hesabu akasimama kwenye ukurasa mmoja. Umechorwa duara lenye nukta 10, kuanzia 0 hadi 9. Chukua jedwali la 4: 4, 8, 12, 16, 20. Shika tarakimu ya mwisho tu, unganisha nukta kwa mstari: 4, 8, 2, 6, 0, kisha urudi 4. Inatoka nyota ya pembe 5. Sasa fanya la 6. Nyota ni ile ile, ila umeizunguka kinyume, kwa kuwa 4 na 6 hujumlisha 10. La 3 na la 7 nayo ni vivyo hivyo. Kabla ya kuchora, watoto huwa wamekwisha kuliimba jedwali kwa makofi na miguu, jambo ambalo aliyepita chuoni kwa maalimu hatalishangaa.

Hapo hakuna mchoro wa kupumzikia. Mchoro ndio hesabu yenyewe.

Silikubali kila kitu chao. Kusoma huanza kwa taratibu mno. Herufi hufundishwa rasmi darasa la kwanza, na mpwa wangu wa hapa alikuwa anasoma sentensi nzima kabla ya umri huo. Hilo lilininyima usingizi, ingawa wakubwa wao hufanya Abitur, mtihani wa kumaliza sekondari Ujerumani, kama wenzao wa shule nyingine.

Dada atalijaribu duara muhula ujao, uani, kwa chaki, maana darasa lake limejaa pomoni. Mwanawe ameshauliza la 5 hutoa nyota gani. Halitoi nyota: ni mstari mmoja, 5 hadi 0 na kurudi.