Hesabu ya Siku katika Kupanga Uzazi na Kupima Mimba

Hapa Lamu mambo ya kupanga uzazi huzungumzwa zaidi jikoni na katika shughuli za harusi kuliko zahanati, na kwa kadiri nilivyoyasikiliza, kinachokosewa mara nyingi ni hesabu ya siku kuliko dawa yenyewe.

Kipimo cha mimba ndicho kinachodhulumiwa zaidi. Kijikaratasi kile kinachouzwa katika maduka ya dawa hutafuta homoni ya hCG, ambayo huanza kutoka baada ya yai lililorutubishwa kujishikiza katika mji wa mimba, na hilo huwa takriban siku 6 hadi 12 baada ya yai kupevuka. Kwa hiyo mwanamke anayepima siku tatu nne baada ya kulala na mumewe ataona mstari mmoja, na mstari huo haumwambii lolote. Angoje mpaka tarehe ya hedhi ipite, atumie mkojo wa kwanza wa asubuhi, akichovye bila kuvuka alama ya mshale, kisha akisome ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari wa pili ukitokea katika muda huo, hata ukiwa umefifia, kwa kawaida ni mimba. Kivuli kinachojitokeza baada ya saa nzima, kijikaratasi kimeshakauka, si jibu. Ama chumvi, sukari na dawa ya meno zinazotiwa katika kikombe cha mkojo, hazipimi chochote, maana hata mkojo wa mwanamume waweza kutoa povu.

P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya kulala na mwanamume, nayo husingiziwa kwamba hutoa mimba. Kazi yake ni kulichelewesha yai lisitoke, ndiyo maana inatakiwa imezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kadiri mtu anavyokawia ndivyo inavyopungua nguvu. Mimba iliyokwisha kushika haiitoi.

Linaloniuma zaidi ni la sindano ya miezi mitatu. Binti ya kaka yangu alinijia machozi yakimlenga, akasema, "Shangazi, sindano imenifunga kizazi," ilhali ndiyo kwanza ameiacha. Nilimweleza kwamba dawa hiyo hukawia kutoka mwilini, na kwamba kwa wastani mimba huja kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, tofauti na kijiti cha mkononi au koili ya mji wa mimba, ambavyo vikitolewa uzazi hurudi upesi. Laiti angeelezwa hayo siku ile ya kwanza alipochomwa, asingeishi na hofu hiyo wala kusikia maneno ya mawifi.

Kwa waliojifungua, kunyonyesha hukinga kweli, lakini kwa masharti matatu yaliyo pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku bila maji wala uji, na mama hajaona hedhi. Hata hivyo yai laweza kutangulia kutoka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, kwa hiyo mama aliyekwisha kumwanzishia mtoto uji, naye bado angoja damu ndipo aende kliniki, anaweza kushika mimba nyingine bila kuziona siku zake hata mara moja.