Punda Wawili wa Sahare na Watoto Waliowapanda

Babu yangu mzaa mama alikuwa na shamba la minazi karibu na Tongoni, kwenye barabara iendayo Pangani, na alikuwa na punda jike wa kijivu aliyeitwa Kungu. Kungu alibeba nazi kutoka shambani hadi barabarani, akabeba maji kisima cha karibu kilipoingia chumvi, na jioni, mzigo ukishashushwa na mgongo wake kukaguliwa, alitubeba sisi wajukuu mmoja baada ya mwingine. Hatukuwa na tandiko. Tulikalia gunia lililokunjwa mara nne na kushika nywele za shingoni. Babu hakumshika wala hakumfuata. Alikaa barazani akisokota kamba za makumbi, na tulipomuuliza kwa nini haogopi kwamba tutaanguka, alijibu kuwa Kungu ana akili kuliko wote wanaokaa juu yake.

Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka 2011, nikarudi kukaa Sahare, hapa Tanga, na katika kiwanja kilichobaki nyuma ya nyumba nikaamua kufanya jambo ambalo jamaa zangu waliliona la mtu aliyekosa kazi: kufuga wanyama wa kupandwa na watoto, wajukuu wangu kwanza, kisha wa majirani, kila Jumamosi baada ya Alasiri. Wazo langu la mwanzo halikuwa punda. Nilikuwa nimesoma habari za poni, yaani farasi wafupi, hasa wale wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, ambao kimo chao begani hakizidi sentimita 107. Zamani walivuta makaa ya mawe katika migodi ya Uingereza, chini ya ardhi kwenye giza na kelele, na hadi leo watoto wa huko hujifunzia kupanda juu yao. Nikajiambia kwamba mnyama aliyezoea mgodi hawezi kushindwa na Sahare.

Bwana mifugo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, “Mwalimu, farasi ukimleta huku pwani utamlea mwaka mmoja na kumlilia miaka kumi.” Akanieleza kwamba mbung'o hueneza nagana, yaani malale ya mifugo, na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, hueneza homa ya farasi ambayo huweza kumuua farasi kwa siku chache tu, ilhali punda mara nyingi hupata homa hiyo bila hata kuonekana mgonjwa. Nagana humpata punda pia, ila yeye huistahimili zaidi. Nikaona aibu kidogo, kwa sababu nimewafundisha watoto kwa miaka mingi jinsi Stanley alivyoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, na jinsi wote wawili walivyokufa katika siku za mwanzo za safari. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo bila kulisikia.

Basi tukaenda mnadani upande wa Handeni, mimi na mpwa wangu. Yeye alimpenda punda dume kijana, mweusi, aliyerusha miguu kila alipoguswa na kuwafurahisha watazamaji. Mimi nilitafuta mzee, kwa kuwa mnyama wa kupandwa na mtoto hafai kuwa mwanafunzi. Ikiwa mtoto hajui kitu, lazima mmoja wao ajue. Nilizunguka tangu asubuhi nikiwa na debe tupu na mwavuli, na watu wakaniona kama mganga. Kila punda niliyemtamani nilimgongea debe nyuma yake, nikafungua mwavuli mbele ya macho yake, nikamnyanyua kwato moja baada ya nyingine na kumshika masikio hadi ndani. Wengi walikurupuka. Jike mmoja wa rangi ya vumbi, ambaye meno yake yalionyesha umri wa miaka 12 au zaidi, aligeuza shingo akautazama mwavuli, akaupuliza kwa pua, akarudi kwenye nyasi zake.

Aliyekuwa naye alikuwa mama wa Kimasai, kwani kwa Wamasai punda ni mnyama wa akina mama, anayewabebea maji na vyombo wakati wa kuhama. Nilimuuliza kama watoto wake wamewahi kumpanda. Alicheka, akasema kwamba mwanawe wa mwisho alijifunza kutembea kwa kushika mkia wa punda huyo. Nililipa bila kubishania bei, jambo ambalo mpwa wangu hajanisamehe mpaka leo. Tulimpa jina la Mrashi. Miezi miwili baadaye nikamnunua Kombo, dume wa miaka sita aliyehasiwa, mwenye sikio moja lililopinda, kwa sababu bwana mifugo alikuwa ameshanionya kwamba punda hafugwi peke yake: huchagua mwenzi na kushikamana naye.

Tandiko lilinisumbua kuliko punda wenyewe. Matandiko ya kuuzwa hayakuwapo, na shogi ya kubebea mizigo si kiti cha mtoto. Fundi viatu mmoja wa Ngamiani alinishonea mawili kwa ngozi na sifongo la godoro kuukuu, nikamsisitizia aache nafasi katikati ili uti wa mgongo usibanwe. Hatamu tuliziacha bila lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, kwa maana mkono wa mtoto huvuta bila kipimo na mdomo wa mnyama ndio unaoumia. Kwa kuwa punda wangu walikuwa na uzito wa kilo 130 hadi 150 hivi, niliweka kikomo cha kilo 35 kwa mpandaji, na nikanunua mizani ya kusimamia. Mizani hiyo iliniletea uadui na wazazi kadhaa ambao waliona nimewaita watoto wao wanene.

Kosa kubwa lilikuwa langu, na lilitokea mwezi wa kwanza. Nilikaza mkanda wa tumbo wa Kombo, nikampandisha mjukuu wangu wa miaka minane, na baada ya hatua chache tandiko likazunguka polepole kama mlango hadi mtoto akawa ananing'inia ubavuni. Sikujua kwamba punda hujaza pumzi wakati wa kufungwa, kisha huishusha anapoanza kutembea, na mkanda unalegea. Kombo alisimama papo hapo na kungoja, huku mtoto akicheka na mimi nikitetemeka. Tangu siku hiyo ilikuwa sheria kwetu kwamba mnyama atatembezwa hatua kumi bila mtu, kisha mkanda ukazwe tena, na watoto wenyewe ndio waliokuwa wakihesabu hatua hizo kwa sauti.

Ndipo nilipoanza kuelewa maneno ya babu. Farasi akiogopa hukimbia, na aliye juu yake hukimbia naye au huanguka. Punda akiogopa, mara nyingi husimama kwanza na kulipima jambo, na ukimpiga aende bila kumpa nafasi ya kulipima, hataki. Watu huita hali hiyo ukaidi. Kwa mtu mwenye mzigo na haraka labda ni ukaidi kweli, lakini kwa mtu aliyempandisha mtoto wa miaka mitano mgongoni, sijui tabia nyingine ya mnyama iliyo na thamani kama hiyo. Aliyesema kwamba asante ya punda ni mateke, nadhani alizoea kupita nyuma ya punda bila kubisha hodi. Katika miaka kumi na miwili Mrashi alimpiga teke mbwa mmoja tu, na mbwa huyo alistahili.

Niliuona uthabiti huo kwa ukamilifu wake katika Idi moja. Watoto walikuwa wengi wakiwa na nguo zao mpya, Mrashi alikuwa katikati ya njia na mtoto wa kike wa miaka minne mgongoni, na vijana wa mtaa wa pili wakarusha fataki zikalipuka karibu na miguu yake. Kombo, aliyekuwa amefungwa kivulini, alikata kamba. Mbuzi wa jirani walitawanyika, na mimi mwenyewe, nakiri, niliruka nyuma nikaiachia hatamu. Mrashi alikaza miguu yote minne, akalaza masikio, akabaki vile moshi ulipokuwa ukimpita. Nilipomfikia nilihisi moyo wake ukidunda chini ya kiganja changu, kwa hiyo si kweli kwamba hakuogopa. Mtoto aliniuliza, “Bibi, mbona tumesimama?”

Yuko pia binti mmoja ambaye mguu wake wa kulia haukuwa na nguvu tangu utotoni, na ambaye kupanda kutoka chini kulimwia vigumu. Tulimpandisha kutoka kwenye kibaraza cha jikoni. Baada ya Jumamosi nne au tano, Mrashi alipomwona akija na mkongojo wake aliondoka kivulini bila kuitwa, akajisogeza ubavu kwa ubavu na kibaraza, akasimama karibu kiasi kwamba mkanda wake ulikwaruza ukuta. Hakuna aliyemfundisha. Mama wa yule binti alikuwa akiniletea chumvi ya mawe kila mwezi, akisema si zawadi yangu bali ni ya rafiki wa mwanawe, na mimi nikaipokea kwa niaba.

Mrashi alikufa mwaka 2023, mwezi wa mvua, akiwa amelala chini ya banda. Mpwa wangu alitaka kumzika mara moja kabla watoto hawajatoka shule, lakini bwana mifugo alituambia tumwache Kombo naye kwa muda, kwa kuwa punda asiyeona mwenzake alikokwenda humtafuta, hukataa kula, na hatari ya kumfuata ni ya kweli. Kombo alimnusa kuanzia masikioni hadi kwatoni, akasimama juu yake karibu saa mbili mvuani, ingawa kwa kawaida alikuwa hapendi hata tone, maana manyoya ya punda hayazuii maji. Kisha akaondoka mwenyewe akaenda kunywa, nasi tukachukua majembe.

Kumpata mwingine kulichukua muda mrefu. Bei ilikuwa imepanda kwa ajili ya biashara ya ngozi za punda ziendazo China, ambako huchemshwa kutengenezea dawa, na hata baada ya Umoja wa Afrika kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi mnamo Februari 2024 wenye mifugo walikuwa bado wanatazamana na wanunuzi wageni kwa shaka. Hatimaye nilipata jike mdogo wa miaka minne. Nilimpigia debe na kumfungulia mwavuli, naye akafeli mitihani yote miwili, lakini nilimchukua kwa sababu Kombo alikuwa ameanza kupungua mwili. Bado hapandwi na mtoto yeyote. Kila Jumamosi anafuata nyuma ya Kombo, mgongo mtupu, na Kombo anaposimama, naye anasimama.