Sabtaito za A Raisin in the Sun: Lindner amepatikana

Wiki tatu nimekwama kwenye maneno mawili tu ya filamu hii ya 1961 ninayoiwekea sabtaito (maandishi ya chini ya skrini) za Kiswahili, na jana jioni yamekaa! Nimefurahi mno, lazima niandike.

Muda wa mistari yote nilishaupanga, dakika 128 nzima. Kilichonishinda ni pale mgeni Mzungu anapobisha hodi kwa akina Younger, familia ya Weusi wa Chicago, nao wanajiandaa kuhamia Clybourne Park, mtaa wa Wazungu. Karl Lindner hatukani. Anazungukazunguka, mpole, halafu anawaambia chama cha wakazi kiko tayari kuinunua ile nyumba kwa bei ya juu kuliko waliyoinunulia, ilimradi wasiende. Na katikati ya upole huo anawaita "you people".

Kiswahili chetu kinalimeza tusi hilo. "Nyinyi" tunaambiana kila siku mezani. "Nyinyi watu" ni mwalimu anayefokea darasa. "Watu wa aina yenu" nililipenda siku mbili, nikalifuta, maana linapiga kofi na Lindner hapigi kofi. John Fiedler alimwigiza jukwaani Broadway 1959, akamwigiza tena kwenye filamu 1961, na ile sauti yake nyororo ndiyo iliyokuja kuwa sauti ya Piglet kwenye katuni za Winnie the Pooh. Weka neno kali chini ya sauti ile, mtazamaji anaona adui wa kawaida wa sinema, na kazi ya Lorraine Hansberry, mwandishi Mweusi aliyetunga tamthilia hii, imeharibika. Yeye watu hawa aliwajua. Baba yake alinunua nyumba kwenye mtaa wa Wazungu Chicago, majirani wakaenda mahakamani kuwatoa, kesi ikafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamuliwa 1940.

Jana mama mkubwa alikuwa anachambua mchele, nikamweleza: mtu anakusemesha kwa heshima zote, ila unasikia kabisa kwamba hakuoni kuwa wake. Akausimamisha ungo.

"Si ndiko kuitwa wenzetu, mwanangu? Nilipoolewa huku Pwani niliitwa hivyo miaka. 'Wenzetu wa bara, hiki mnakipikaje?'"

Wenzetu! Nilikimbilia kompyuta. "Nyinyi wenzetu", herufi 14 pamoja na nafasi, na Subtitle Edit, programu ninayoandikia sabtaito, haikunigeuzia rangi kulalamika kwamba mstari unapita haraka. (Programu nyingine, Aegisub, naipenda kwa kunasa sauti inapoanzia, lakini kwa Kiswahili chenye vitenzi virefu, anayehesabu herufi ndiye rafiki.) Nimelirudisha neno hilo kila Lindner anapofungua mdomo, na sasa linauma polepole, kama linavyopaswa.

Kinachoniumiza zaidi ni nani anaowaita hivyo. Nyumba moja ile ina Walter, dereva anayeota duka lake la pombe, na Beneatha anayetaka udaktari. Mlangoni pao amepita Asagai, mwanafunzi wa Kinigeria aliyeigizwa na Ivan Dixon, na George Murchison, mtoto wa tajiri, ambaye ni Louis Gossett Jr. kwenye filamu yake ya kwanza kabisa. Nimehangaika kumpa kila mmoja Kiswahili chake, kwa sababu Hansberry hakuandika "mtu mweusi" mmoja, aliandika watu wasiokubaliana hata kuhusu Afrika. Kisha anaingia mtu na neno moja la kuwafunika wote.

Wiki hii nilipanga kumaliza mistari ya Asagai na lile jina la Kiyoruba analompa Beneatha. Nimeiweka kando. Nilipomwonyesha mama mkubwa kipande cha Lindner, macho yake hayakuyawahi maandishi, nikaanza kumsomea kwa sauti, nikisema juu ya waigizaji kama wanavyotafsiri filamu kwenye vibanda umiza. Alipolisikia lile neno akaniambia, "Rudisha hapo."

Nimeazima maiki. Leo usiku, mtaa ukitulia, naanza na Lindner, kwa sauti ya chini kabisa.