Reli inayoonekana kama imelegea

Kazi yangu ni kukagua majengo na kuandika ripoti, na ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye jengo la ghorofa nne hapa Dar es Salaam. Ngazini, ghorofa ya tatu, nilisukuma kwa kiganja nguzo ya chuma inayobeba reli, ile ya kushikilia mtu anapopanda ngazi. Ikacheza. Saruji ya chini ilikuwa imemegeka, na bolti mbili kati ya nne zimeliwa na kutu hadi zikikwaruzwa na ukucha zinabanduka maganda. Nikarudi ofisini nikaandika: "The railing appears to be somewhat loose and may require attention."

Leo msimamizi wa jengo, mzee wa rika la baba yangu, kanipigia simu. Mjukuu wake alimsomea ripoti. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza: "Mwanangu, ile reli imelegea au haijalegea?"

"Imelegea, mzee."

"Mbona umeandika inaonekana kama imelegea kidogo? Mwenye nyumba kasema basi itasubiri mwakani."

Swali hilo limenikaa mchana kutwa. Chuoni tulifundishwa kutosema zaidi ya tulichothibitisha, na ninaliheshimu hilo. Nikiona doa la unyevu darini na sijafungua dari, "may indicate a leak", yaani huenda panavuja, ndiyo lugha ya haki. Lakini reli ile niliishika kwa mkono wangu. "Appears" yangu ilitokana na woga wa kumuudhi mwenye nyumba, shaka haikuwapo.

Nimekumbuka ndege ya Air Florida iliyoanguka Washington tarehe 13 Januari 1982, theluji ikidondoka. Ilipokuwa ikikimbia kwenye njia ya kurukia, rubani msaidizi aliona vipimo vya injini haviendi sawa. Akasema mbona haionekani kuwa sawa. Akasema tena, safari hii wazi, kwamba si sawa. Kapteni akamjibu ni sawa. Rubani msaidizi akalegeza kauli: "Ah, maybe it is," yaani labda ni sawa. Ndege iligonga daraja ikatumbukia mto Potomac, wakafa watu 78, wanne kati yao wakiwa kwenye magari yao darajani. Macho yake yaliona sawasawa, na ulimi ulishasema. Kila nikifika kwenye ile "maybe" roho inaniuma.

Jioni nimeiandika upya ile sentensi, nikianza kwa Kiswahili. Neno likaja lenyewe: reli hii haikawii kung'oka. Mama alikuwa akituona juu ya mwembe anapaza sauti, "Hukawii kuanguka wewe!" Hakujua saa wala tawi, ila hatari aliiona na aliitaja. Hajasema umeanguka, hajasema huenda ukaanguka kidogo. Kiingereza nacho kina "liable to" na "likely to" za kazi hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyezikwepa.

Sasa ripoti inasomeka: "The railing is loose. Two of its four bolts are badly corroded. It is likely to give way if anyone leans on it. Keep people off it until it is repaired."

Nimeituma saa mbili usiku, na mzee nimempigia nikamsomea kwa Kiswahili: reli imelegea, bolti mbili kati ya nne zimeliwa sana na kutu, haikawii kung'oka mtu akiiegemea, watu wasiikaribie hadi itengenezwe. Baada ya muda kanirushia picha: kamba ya katani imefungwa kutoka ghorofa ya pili hadi ya nne, watu wapite upande wa ukutani.