Land Rover kuukuu barabarani: tazama taa, kisha chungulia ndani

Ukipishana na Land Rover ya zamani, anza na taa kubwa. Zikiwa zimebanana katikati karibu na shoo (wavu wa mbele), hiyo ni toleo la Series I, II au IIA; zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Ubavu uliotuna chini ya madirisha unaiondoa Series I. Shoo ya plastiki ni ya Series III, iliyotoka 1971, lakini usiiamini sana, maana shoo hubadilishwa. Chungulia dashibodi: Series III ina geji mbele ya dereva, zilizotangulia zinazo katikati.

Na ile 109 ya "Land Rover 109" si toleo, ni inchi kati ya ekseli mbili. Fupi, kuanzia Series II, ina 88.

Rangi inayong'aa haikuambii kitu. Bodi ni ya alumini. Kinachooza kwa kutu ni chasisi.