Kumbukumbu ya kituo changu cha hali ya hewa: mgandamizo una saa zake

Apdeti ya kituo. Kibanda kimesimama, sensa inasoma, data inaingia kwenye kadi bila kukatika, kwa hiyo leo siongelei nyaya wala betri, naongelea namba zenyewe maana sasa ndo zimeanza kuongea.

Nianze na mgandamizo wa hewa maana huko ndo kwenye utamu. Ukishika kipimahewa tu utaambiwa namba ikishuka mvua inakuja, ikipanda kutakuwa kweupe. Haya, kiweke ukanda wa tropiki halafu chora grafu, utakuta inashuka kila siku! Saa nne asubuhi iko juu, saa kumi jioni iko chini, saa nne usiku imepanda tena, saa kumi alfajiri imeshuka tena, na kesho hivyo hivyo, mvua inyeshe isinyeshe. Kati ya kilele cha asubuhi na bonde la jioni tofauti inaweza kufika hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 2 mpaka 4, na badiliko halisi la hali ya hewa kutoka siku moja hadi nyingine huku tropiki mara nyingi halifiki hata hapo, yaani kile unachokitafuta kimefunikwa kabisa na huu mwendo wa kila siku.

Sensa haina kosa lolote hapo. Anga nalo linajaa na kupwa kama bahari, ila linalolisukuma zaidi ni jua na sio mwezi: jua linapasha ozoni kule juu na mvuke wa maji huku chini, anga zima linaitika, na mwitikio wake mkubwa ni mawimbi mawili kwa siku. Nilipoliona hilo wimbi kwenye grafu yangu mwenyewe, limechorwa na kidude kidogo kuliko kucha, aisee nilikaa nikaliangalia muda mrefu. Kanuni ya "ikishuka jiandae" ilikomaa kwenye latitudo za juu, mbali na ikweta. Huko Uingereza Robert FitzRoy, afisa wa jeshi la majini aliyeongoza ofisi ya hali ya hewa, alikuwa anasambaza vipimahewa kwenye bandari za wavuvi na mwaka 1861 akaanza kutoa utabiri wa umma gazetini, na kwa kule ilikuwa sawa kabisa, maana wimbi la kila siku kule ni dogo na dhoruba ikipita inaweza kushusha mgandamizo hata hektopaskali 20 kwa siku moja. Huku kwetu tropiki ukiifuata ilivyo utakuwa unatabiri mvua kila jioni.

Dawa yake ni rahisi na ndo imebadilisha mradi wangu: usilinganishe na saa tatu zilizopita, linganisha na jana saa ile ile. Saa kumi na saa kumi, saa nne na saa nne. Wimbi linajifuta lenyewe na kinachobaki ndo habari. Hata vituo rasmi vya tropiki huwa vinaripoti badiliko la saa 24 kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nimeongeza hatua moja, programu inatunza wastani wa kila saa kwa siku za karibuni halafu inaupunguza kwenye namba ya sasa, kwa hiyo kwenye skrini sioni 1011 au 1009, naona "juu ya kawaida ya saa hii kwa 0.8" au "chini kwa 1.5". Mstari uliokuwa unapanda na kushuka sasa umetulia, na ukiinama unajua kuna kitu.

Kwa anayetaka kujua, sensa ni BME280, kidude kimoja kinachopima mgandamizo, joto na unyevu. Maelezo ya kiwandani yanasema mgandamizo wake unaweza kupotoka hektopaskali 1 kwa namba yenyewe, ila kwa mabadiliko ni kama 0.12 tu, na mimi ninachohitaji ni mabadiliko kwa hiyo inanitosha sana. Ukitaka kulinganisha na kituo kingine lazima uirudishe namba kwenye usawa wa bahari, maana kwa maeneo ya chini kila ukipanda mita 8 hivi unapoteza hektopaskali moja, na ukiwa mita 1000 juu sensa itasoma karibu 900 wakati wastani wa usawa wa bahari ni 1013.25. Wala usishtuke, haijaharibika.

Joto nimelimaliza haraka. Kibanda cheupe chenye mbavu za kupitisha hewa, wazo la mhandisi wa Uskoti Thomas Stevenson la miaka ya 1860 ambalo mpaka leo linatumika, sensa kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi na sio juu ya zege. Na usiisomeshe sensa kila sekunde, inajipasha yenyewe. Iamshe kila baada ya dakika kadhaa, isome, ilale.

Unyevu ndo unataka subira kidogo. Sensa za unyevu zinahama taratibu kadiri zinavyokaa nje, ila kuna jaribio moja la jikoni ambalo nalipenda sana: chukua chumvi ya kawaida, itie maji kidogo tu iwe uji mzito, isiyeyuke yote, iweke kwenye kifuniko ndani ya chupa inayofunga kabisa pamoja na sensa, bila kugusana, acha masaa mengi mahali ambapo joto halibadiliki. Hewa ndani ya hiyo chupa itasimama kwenye asilimia 75 hivi, hiyo ni tabia ya chumvi yenyewe, hata maabara wanaitumia. Yangu ilisoma 79, kwa hiyo naipunguzia 4 pale, ingawa kwenye unyevu mdogo sana siwezi kuapa kwamba tofauti ni ile ile.

Njia ya pili ya kuhakiki ni vipimajoto viwili, kimoja kikavu kingine kimevishwa kitambaa cha pamba chenye maji safi, halafu unavipepea. Maji yanavyokauka yanapoza kile chenye kitambaa, na hewa ikiwa kavu zaidi kinapoa zaidi. Kikavu kikisoma nyuzi 30 na cha maji 25, unyevu ni karibu asilimia 67, na hewa hiyo ikipoa mpaka nyuzi 23 hivi inaanza kutoa umande. Hapo napo pana kitu kizuri, chukua joto la hewa toa joto la umande, zidisha mara 125, unapata kwa makadirio mita ngapi juu mawingu ya mafungu yanaanzia: 30 toa 23 ni 7, kwa hiyo mita 875 hivi. Inafaa mchana hewa ikiwa inapanda kutoka ardhini, usiku achana nayo.

Ile tofauti ya vipimajoto viwili ina kazi shambani pia. Wanaopulizia dawa wanaitumia, kati ya nyuzi 2 na 8 ndo panapofaa. Ikizidi hapo matone yanakauka kabla hayajatua kwenye jani, ikiwa chini ya 2 yanakaa hewani muda mrefu yanapeperuka kwenda kusikotakiwa. Kwa mfano wangu ni 5, unapuliza, basi upepo uwe mdogo, na isiwe alfajiri iliyotulia kabisa maana hewa baridi ikiwa imelala chini ya hewa ya joto matone madogo yanaelea tu bila kutawanyika.

Mvua: faneli yenye kipenyo cha sentimita 16, eneo lake ni kama sentimita za mraba 201, kwa hiyo mililita 20.1 kwenye chupa ni milimita 1 ya mvua. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kumbuka hiyo tu na hesabu za tangi zinakuwa nyepesi, paa la mita za mraba 50 likipigwa na milimita 10 ni lita 500 kabla ya zinazopotea. Faneli ikae mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya kimo cha huo mti au ukuta, la sivyo unapima kivuli cha mvua.

Sasa niko kwenye utabiri wenyewe. Kila jioni naandika uwezekano wa mvua ya kesho kwa namba, sio "huenda", halafu naupa alama kwa njia ya mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier ya mwaka 1950, yaani tofauti kati ya namba yangu na kilichotokea (1 ikinyesha, 0 isiponyesha) inazidishwa kwa yenyewe: nikisema 0.7 na ikanyesha napata 0.09, isiponyesha napata 0.49, ndogo ndo nzuri. Anayesema 0.5 kila siku anapata 0.25 bila kufikiri, kwa hiyo lazima niwe chini ya hapo. Pembeni naweka mshindani wa pili anayesema kesho itakuwa kama leo, na huyo ni mgumu kweli, hasa katikati ya kiangazi na katikati ya masika, maana siku zinafanana. Anapoanguka ni pale msimu unapogeuka, na ndo hapo nataka mgandamizo uliosafishwa wimbi uonyeshe kazi yake. Msimu ukigeuka naleta alama zote tatu hapa, yangu, ya 0.5, na ya kesho kama leo, pamoja na grafu ya mgandamizo wa siku hizo.