Siku Tisa za Nani?

Bibi alichukua chungu cha kwanza kutoka kwenye tenga langu, akakiweka shavuni, akafumba macho. Nikadhani anakinusa. Akakiweka chini, akachukua cha pili, nacho shavuni. Alivipitia vyote 31 hivyo hivyo, bila haraka, kama mtu anayesalimia watoto wa jirani mmoja mmoja. Alipomaliza akaniangalia.

"Bado vina maji, mwalimu."

"Vimekauka, bibi. Vimekaa dirishani siku tisa."

"Siku tisa za nani?"

Swali hilo nililichukulia kama utani wa kikongwe. Nilikuwa na miaka 24, nina cheti cha ualimu, na mkaguzi alikuwa anatarajiwa Jumatatu.

Ilikuwa Mei 2003. Nilikuwa nimepangiwa shule moja ya msingi wilayani Kyela, karibu na Matema, pale Ziwa Nyasa linapoishia upande wa kaskazini na Milima ya Livingstone inaposimama kama ukuta. Nilipewa darasa la sita pamoja na somo la Stadi za Kazi. Muhtasari ulitaka watoto wafinyange. Mimi ni mtoto wa Dodoma mjini. Chungu nilikijua kikiwa tayari kina maharage ndani. Nikasoma kitabu usiku, asubuhi nikasimama ubaoni nikachora chungu, nikakiwekea mishale: mdomo, shingo, tumbo, kitako. Wasichana wa Kikisi, kabila la wafinyanzi wa pale ziwani, waliokaa mbele walinakili ule mchoro kwa adabu kubwa. Sasa nikikumbuka naona aibu. Wengi wao walikuwa wameanza kusugua vyungu vya mama zao kwa kokoto kabla hawajajua kusoma.

Wavulana waligoma. Kwa Wakisi kufinyanga ni kazi ya wanawake. Mwanamume anavipakia kwenye mtumbwi na kuvipeleka sokoni. Mmoja alisimama darasani akaniambia, "Mwalimu, baba yangu ana mtumbwi," akakaa, kana kwamba amemaliza mjadala. Nikamwambia kila mtu atafinyanga, na kila mtu atapewa alama. Darasa lilikuwa na watoto sitini na kitu. Vyungu vilivyofika hatua ya kubebeka vikawa 31, vingine ukubwa wa ngumi tu, vingine vimeinama kama mzee anayetafuta kitu alichoangusha.

Kuchoma sikujua, wala sikuthubutu kujaribu uwanjani. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa bibi mmoja wa Ikombe, mfinyanzi aliyekuwa amewafundisha nusu ya wanawake wanaouza pale soko la Lyulilo siku ya Jumamosi. Ikombe wakati ule haikuwa na barabara. Ulizunguka kwa miguu chini ya mlima, au ulipanda mtumbwi. Ijumaa baada ya vipindi nikapanda mtumbwi, tenga katikati ya miguu, limefunikwa nailoni niliyoikaza kwa kamba ili mawimbi yasirukie kazi za wanafunzi wangu. Nilijipongeza sana kwa ile nailoni. Jua lilikuwa limetoka kidogo, na mle ndani vyungu vikawa vinatoka jasho saa nzima.

Kwetu Dodoma ukifua asubuhi, saa tano unapiga pasi. Kyela mwezi wa tano ni habari nyingine. Mvua iliyokolea Machi bado haijachoka, mpunga umesimama majini, nguo inashinda kambani siku mbili na bado inanuka ukungu. Kwa hiyo siku tisa zangu zilikuwa za Dodoma. Bibi aliliona hilo kwa shavu. Udongo wenye maji ndani huwa wa baridi ukiugusa, kwa sababu maji yanapotoka yanaondoka na joto. Uliokauka kweli unakaa vuguvugu kama hewa yenyewe. Kiganja cha mfinyanzi kina sugu, hakitofautishi vizuri. Shavu halina sugu. Lakini haya nimejieleza mwenyewe baadaye. Siku ile yeye alisema tu, "Bado vina maji."

Nami nikamfundisha. Naam, nilisimama uani kwake, mbele ya wajukuu na wakwe zake, nikamweleza kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwamba moto ukianza taratibu mvuke utatoka kidogo kidogo na hakuna kitakachoharibika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuna kosa katika niliyosema, ila moto wa kuni uliowashwa juu ya ardhi hauna swichi ya kupunguza. Ukishika nyasi na kuni kavu, unapanda mpaka nyuzi mia sita, mia saba na zaidi kabla hujamaliza chai. Alikuwa na mitungi yake ya kuchoma jioni ile, maana kesho ni soko, na nafasi ya pembeni ilikuwepo.

"Sawa," akasema. "Wewe unayajua maji."

Nilimwona mkwe wake akigeuza uso. Nimefikiri mara nyingi kwa nini alikubali. Nadhani ni lile neno mwalimu. Mgeni akija na cheo hicho, na tenga la watoto wa kijiji, unamrudishaje na mtumbwi giza likiingia?

Walitandika kuni, wakapanga mitungi midomo ikielekea chini, vyangu pembeni, kisha vigae vya vyungu vya zamani juu yake, kisha kuni tena na nyasi. Mitungi ya Kikisi ni myembamba, myeupe kwa mbali, imezungushiwa mikanda ya udongo mwekundu. Ukiitazama hujui kama haikuguswa na gurudumu. Bibi huanza na donge moja juu ya kigae chenye tumbo la mviringo, anakizungusha kwa mkono huku mkono mwingine unapandisha ukuta wa chungu, na kipande cha kibuyu kinalainisha. Kazi ya siku kadhaa ilikuwa imelala mle ndani.

Wakawasha. Kwa dakika chache nilikuwa mshindi.

Kisha pah! Kidogo, kama bisi. Watoto wakacheka. Pah, pah. Mimi pia nikacheka kidogo, nikasema pengine ni kuni. Halafu vikaanza kupasuka kwa pamoja, na haikuwa bisi tena, ilikuwa kama mtu anapiga mawe bati. Kigae kikaruka kikatua karibu na mguu wangu kikiwa chekundu. Wanawake walirudi nyuma na watoto wao. Bibi hakurudi nyuma. Alikuwa anageuza kichwa kila mlio, na baada ya muda nikaelewa anasikiliza kipi ni changu na kipi ni chake. Mara moja, mlio ukiwa mzito zaidi, alisema "Aa," kwa sauti ndogo sana.

Moto ulipolala na majivu yakapoa tukahesabu. Kati ya vyungu 31 vya shule vilibaki viwili, kimoja kina ufa. Mitungi ya bibi mitatu ilikuwa imetobolewa na vipande vya kazi za darasa la sita.

Nikatoa pochi. Bibi akaitazama kama kitu kilichookotwa.

"Leo tarehe ngapi, mwalimu?"

Nikamwambia. Akauliza mshahara unatoka lini. Wale wanawake wakaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikajisikia nimekaribishwa.

Usiku ule nilikanda udongo. Hakunieleza namna. Aliniwekea donge mbele, akakaa kando yangu na donge lake, na kila nilipopata kijiwe nikakiacha alikuwa anakiona, akanipiga mkono kwa kile kipande cha kibuyu. Niliuliza maswali mengi. Jibu lilikuwa lile lile: "Tazama." Nilikuwa nimefunzwa miaka miwili kwamba somo lina utangulizi, maarifa mapya, marudio na hitimisho. Hapa hapakuwa na utangulizi. Mjukuu wa miaka kama saba alikuwa kando akisugua chungu kwa kokoto, na alipopita upande mmoja mara nyingi kuliko mwingine, bibi alikigeuza chungu mkononi mwake bila kumtazama.

Shuleni tulikaririshwa kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Nikawa naviziavizia vyombo. Tulikula ugali wa muhogo na usipa kwenye sahani za plastiki zenye maua. Methali hiyo ilimkosa yule mama kidogo sana.

Mkwe wake ndiye aliyeniambia mengine, tukiwa tumelala. Kwamba kule kwao mlima unashuka mpaka majini, shamba la kulima mpunga hakuna, hivyo chungu ndicho shamba. Zamani bibi zao walikuwa wanabadilisha na watu wa bondeni: chungu kinajazwa nafaka, nafaka yako, chungu changu. Nilimsikiliza nikiwa nahesabu gizani. Mitungi mitatu. Ijazwe mpaka mdomoni.

Alfajiri tulipakia mtumbwi, vyungu vimelazwa kwenye nyasi kavu, hakuna nailoni. Pale Lyulilo niliketi nyuma ya mitungi ya bibi mpaka mchana. Akina mama wa kutoka Mbeya waliinua kila mmoja, wakaugonga kwa kidole kilichokunjwa, wakasikiliza unavyolia, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa natangaza umaridadi wa mikanda. Hakuna aliyeniuliza habari ya mikanda.

Likizo ya Juni sikwenda Dodoma, lakini hilo ni refu. Niseme tu kwamba ilinichukua karibu mwaka mzima kuweza kuweka chungu shavuni na kusema kitu chenye maana.

Jumatatu mkaguzi hakuja. Wengine walisema gari limekwama njia ya Ipinda, wengine wakasema hajawahi kuahidi. Niliweka mezani chungu kimoja kizima, kimepinda kidogo, kina doa jeusi la moshi upande mmoja, nikawaeleza watoto yaliyotokea kwa vingine. Nilitegemea walie. Wasichana wa mbele walitazamana tu. Nadhani walikuwa wamejua tangu siku nilipovipanga dirishani, na hakuna aliyeona ni mahali pake kumwambia mwalimu.

"Hiki ni cha nani?"

Kimya. Ila wasichana wote walikuwa wamegeuka wanatazama dawati la nyuma, na pale nyuma mtoto wa mwenye mtumbwi alikuwa anatazama ziwa kupitia dirishani, shingo imekakamaa.

Sikuuliza tena.

Jioni wenzake walipotawanyika alirudi, eti amesahau panga la kukatia nyasi. Alizunguka darasa zima akilitafuta. Mwisho akafika mezani, akakigonga kile chungu kwa kidole kilichokunjwa, akainamisha sikio.

"Hiki hakikukaa dirishani, mwalimu," akasema bila kunitazama. "Kila siku nilikuwa nakirudisha jikoni kwa mama."

Akakiingiza chini ya shati, akachungulia nje kama kuna mtu, akatoka.